Hom thieta imenyamaza? Angalia haya kabla hujamlipa fundi

Jumamosi moja jioni nilipigiwa simu na shosho mmoja jirani yetu hapa Adungosi. Hakusalimu vile huwa anasalimu, yaani kuuliza kwanza mama, kisha ng'ombe, kisha mimi. Alisema tu, "Mjukuu wangu, ile redio kubwa ya binti yangu imekufa. Kuja uiangalie kabla sijauza mbuzi."

Auze mbuzi? Nikatafuta viatu.

Hiyo "redio kubwa" ni hom thieta: spika tano ndogo, wufa moja na mashine yenyewe. Binti yake anafanya kazi za nyumbani Saudia, na ndiye aliyetuma pesa inunuliwe Busia ili mama asikae kimya jioni baada ya mzee kufariki. Sasa ilikuwa na siku tatu haitoi sauti. Taa inawaka, runinga inaonyesha picha, lakini spika kimya. Fundi fulani alikuwa amepita, akaiangalia dakika mbili, akasema amplifaya imeungua na dawa yake ni Sh4,500. Shosho hakutaka binti ajue. Alisema mtoto akiteseka huko ugenini kisha asikie kitu alichonunua kimeharibika mwaka haujaisha, atalia.

Kama hunijui, mimi nilisomea mambo ya stima chuoni mihula mitatu, karo ikakataa, nikarudi nyumbani. Tangu hapo ninafunga spika kwa harusi, kwa matanga na kwa keja za watu. Kwa hivyo niliingia nyuma ya ile runinga nikiwa na tochi ya simu, na nikiwa na deni la kodi ya nyumba pia.

Dakika kumi hazikuisha. Mjukuu wake wa darasa la saba alikuwa amechomoa kebo ya HDMI ili aunganishe dekoda, kisha akairudisha kwa tundu la jirani. Hiyo tu. Amplifaya ilikuwa nzima kabisa.

Nikakaa pale sakafuni nikifikiria. Ningeweza kusema nimebadilisha kitu ndani, niitishe Sh1,500, nilipe deni langu. Shosho angenishukuru na mbuzi angebaki malishoni. Nilichofanya nitakuambia mwishoni. Kwanza nikuonyeshe vile mimi huangalia mashine iliyonyamaza, ndiyo siku yako ikifika usiuziwe kiini cha yai lako mwenyewe.

Fuata sauti kama unafuata maji

Maji yakikosa kwa mfereji, huanzi kwa kubomoa tangi. Unafuata bomba. Sauti ni hivyo hivyo. Inatoka kwa chanzo (dekoda, simu, flashi), inapita kwa kebo, inaingia kwa mashine inayoikuza, kisha inapita kwa waya hadi kwa spika. Shida iko mahali pamoja kati ya hapo. Kazi yako ni kujua ni wapi, na sheria ni moja: badilisha kitu kimoja tu, sikiliza, kisha ndio uguse kingine. Ukichomoa waya zote kwa hasira, hata ikipona hutajua ilikuwa inaugua nini.

Hom thieta nyingi zina redio ya FM ndani yake. Hiyo ndiyo hospitali yako ya kwanza. Weka FM, ongeza sauti. Hapa kwetu hata ukikosa stesheni ya Kenya, ya Uganda itaingia tu. Ikiimba, basi amplifaya iko hai na spika ziko hai. Shida iko huko nyuma, kati ya runinga na mashine. Kama FM haipo, unganisha simu kwa Bluetooth au chomeka flashi yenye wimbo. Jaribio hilo la dakika moja ndilo lingemwokolea shosho Sh4,500, na ndilo yule fundi hakufanya.

Kimya kabisa kila mahali

Usicheke, lakini anza na kitufe cha kunyamazisha sauti kwenye rimoti. Nimeshalipwa nauli ya boda kwenda kubonyeza hicho kitufe. Kisha angalia kama kuna hedifoni au kipande cha plagi kimebaki kwa tundu la hedifoni, kwa sababu mashine nyingi hunyamazisha spika zikiona kitu hapo.

Halafu angalia mashine inasikiliza nani. Kwenye rimoti kuna kitufe kimeandikwa "Source" au "Input" au "Function". Kama umeunganisha runinga kwa HDMI na mashine imewekwa kwa "AUX", itakaa kimya hadi kiama.

Sasa lile la kwa shosho. HDMI ya kawaida inapeleka picha na sauti upande mmoja, kuingia kwa runinga. Ili sauti irudi kutoka kwa runinga hadi kwa hom thieta, kebo lazima ikae kwa tundu lililoandikwa "ARC" au "eARC", huku na huku. Mpango huo ulikuja na HDMI 1.4 mwaka wa 2009, na runinga nyingi zina tundu moja tu la aina hiyo. Yale mengine yanafanana nalo kama mapacha. Ukishachomeka, ingia kwa menyu ya sauti ya runinga uchague sauti itoke nje, isitoke kwa spika za runinga. Mara nyingi pia inabidi uwashe ile sehemu ya HDMI CEC, ambayo kila kampuni inaipa jina lake.

Kama runinga yako haina ARC, tumia kebo ya mwanga, ile nyembamba inayotoa taa nyekundu kwenye ncha, au zile waya za kawaida nyekundu na nyeupe. Ila jua kwamba nyekundu na nyeupe zinabeba chaneli mbili tu, kulia na kushoto.

Spika moja imegoma

Hapa usinunue spika. Zima mashine, chomoa stima, kisha badilishana: chukua spika iliyonyamaza uiweke kwa waya wa ile inayoimba. Ikiimba, spika ni nzima, na shida ni waya au tundu la mashine. Ikibaki kimya, spika ndiyo mgonjwa.

Unaweza pia kuipima na betri ya rimoti ya volti 1.5. Chomoa spika kwa mashine, kisha gusisha ncha zake mbili kwa betri kwa sekunde moja tu. Spika nzima itatoa mlio mdogo, "tap!" Ikiwa unaona karatasi yake, itasukuma mbele kama umeweka chanya kwa chanya, na itarudi nyuma kama umegeuza.

Hilo la kugeuza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Spika moja ikifungwa kinyume, chanya kwa hasi, bado itaimba. Lakini wakati mwenzake anasukuma hewa, yeye anaivuta, na besi inapotea katikati ya chumba. Watu wananiita, "Buda, wufa yangu haina nguvu," kumbe ni waya mbili zilipishana siku ya kuhama.

Na huku mashambani kuna fundi mwingine asiyelipwa: panya. Kwa shosho, baada ya kurudisha HDMI, spika ya nyuma kushoto ilibaki kimya. Nikafuata waya nyuma ya kochi, nikapata meno yamepita hapo. Nilikata kipande kibovu, nikaunganisha upya, nikafunga teipu ya umeme. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa kazi hii unainama kwelikweli.

Mashine inaandika PROTECT kisha inazima

Hapo mashine inajilinda. Mara nyingi nyuzi za waya wa spika zimegusana, chanya na hasi, pale nyuma kwenye vibanio. Uzi mmoja mwembamba kama unywele unatosha. Chomoa stima, toa spika zote, kisha washa bila spika hata moja. Ikikaa sawa, zima, rudisha spika moja, washa tena. Ile itakayoileta PROTECT ndiyo yenye kesi. Ikiandika PROTECT hata bila spika yoyote, hapo ni ndani, na ndani si kwako.

Spika za nyuma hazisemi kitu

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na mara nyingi jibu ni kwamba hakuna kilichoharibika.

Ile namba 5.1 unayoona kwenye boksi maana yake ni chaneli tano za sauti kamili: mbele kushoto, mbele kati, mbele kulia, na mbili za pembeni au nyuma. Ile ".1" ni chaneli ya mngurumo tu, sauti za chini hadi kama 120 Hz, wakati sikio la binadamu husikia kuanzia karibu 20 Hz hadi 20,000. Dolby Digital ilipoingia kwenye kumbi za sinema mwaka wa 1992 na filamu ya Batman Returns, helikopta iliweza kupita juu ya kichwa chako kwa sababu aliyerekodi aliiweka sauti yake kwa chaneli za nyuma.

Sasa tuongee ukweli wa mtaani. Unaangalia nini? Kama ni filamu iliyotafsiriwa na DJ Afro kwa Kiswahili, au na VJ Jingo wa ng'ambo ya mpaka kwa Kiganda, sauti ya mtafsiri imewekwa juu ya sauti ya filamu, na faili unayouziwa kwa flashi mara nyingi ina chaneli mbili tu. Hakuna kitu cha nyuma ndani ya hiyo faili. Nyimbo nyingi za simu ni hivyo hivyo. Hom thieta haiwezi kutoa sauti ambayo haikupewa.

Kuna njia mbili. Ukitaka zote ziimbe, bonyeza kitufe cha "Surround" au "Pro Logic" au "All Channel Stereo", na mashine itasambaza chaneli mbili kwa spika zote. Si sauti mzunguko ya kweli lakini inajaza chumba. Ukiwa na DVD halisi au filamu yenye 5.1, ingia kwa menyu ya runinga au dekoda, sehemu ya sauti ya kidijitali, utoe "PCM" uweke "Bitstream" au "Dolby Digital" au "Auto". Ikibaki kwa PCM, runinga nyingi zitabana kila kitu kiwe chaneli mbili kabla ya kukituma.

Ili ujue spika za nyuma ziko sawa, tafuta kwenye menyu ya hom thieta jaribio la toni. Litapiga sauti kama ya mvua, "shhh", kwa spika moja baada ya nyingine. Zikisikika zote, lala usingizi.

Milipuko inapasua masikio, maneno husikii

Maneno ya filamu ya 5.1 hukaa sana kwa spika ya kati. Nikiingia kwa nyumba za watu huwa naipata wapi? Ndani ya kabati, nyuma ya maua ya plastiki na picha ya kuhitimu. Itoe. Iweke chini au juu ya runinga, ikitazama masikio yako, kisha uiongezee kiasi kidogo kwenye menyu ya viwango vya spika. Kuna pia kitufe cha "Night" kwa mashine nyingi, kinachopunguza tofauti kati ya mlipuko na mnong'ono.

Ukiwa hapo, shusha zile spika zote tano zilizopangwa kwa rafu moja kama vikombe vya mashindano. Mbili za mbele zikae kushoto na kulia kwa runinga. Mbili za nyuma zikae pembeni mwako, nyuma kidogo ya masikio. Wufa ukiiweka kwenye kona besi inaongezeka, na kwa nyumba ya mabati bila dari utasikia paa likiimba kuliko msanii. Isogeze kutoka kona hatua moja kwanza, kabla hujailaumu.

Mngurumo usioisha

Kama kuna "mmmm" hata wakati hakuna kinachocheza, hiyo ni stima yenyewe inaongea. Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde, na mzunguko huo ukipenya kwa njia ya sauti unasikika kama nyuki mkubwa. Chomoa kebo za sauti moja moja hadi mngurumo ukate. Mara nyingi mkosaji ni kebo ya dekoda au ya antena, au vifaa vimechomekwa kwa soketi tofauti. Viweke vyote kwa ekstensheni moja nzuri, usogeze waya za sauti mbali na za stima.

Kitu usifanye: usikate ile pini ya tatu ya plagi ati mngurumo uishe. Ile ni ya ardhi, ndiyo inayozuia bati la mashine lisikupige shoti. Afadhali nyuki kuliko jeneza.

Mwangwi, na midomo inayochelewa

Ukisikia mtangazaji wa mpira akijirudia, runinga na hom thieta zinaongea pamoja na moja imechelewa. Zima spika za runinga. Kama maneno yanatangulia midomo, ni kwa sababu runinga inachukua muda kuchakata picha. Tafuta "AV Sync" au "Audio Delay" uongeze kidogo kidogo hadi zifike pamoja. Na pale mashine inapouliza umbali wa spika, usidanganye. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, yaani mita moja huchukua kama milisekunde tatu, na mashine hutumia namba zako kuhakikisha sauti zote zinafika kwa kiti chako kwa wakati mmoja.

Hapo sasa muite fundi

Kuna mahali tochi na rimoti vinafika mwisho. Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona moshi, fyuzi ikikatika mara ya pili, au PROTECT ikikataa kutoka, acha. Usifungue mashine. Ndani kuna kapasita zinazoshika chaji hata baada ya kuchomoa stima, na hazina adabu.

Ukimpelekea fundi, mwambie apime mbele yako, akuonyeshe kilichokufa, na akurudishie kipande cha zamani. Fundi wa kweli hakasiriki. Ninao wawili ninaowaheshimu, na wote hupima kwanza ndio waseme bei.

Kama unanunua, geuza mashine usome nyuma. Kenya na Uganda zote zinatumia volti 240 na plagi ile ile ya pini tatu bapa, kwa hivyo ya kutoka ng'ambo haitaleta shida ya stima. Lakini ile binamu yako amebeba kutoka Marekani, kama imeandikwa 120V pekee, ukiichomeka kwa ukuta moja kwa moja itakufa kabla hujasikia wimbo mmoja. Na mvua ya radi ikianza kunguruma, chomoa kila kitu ukutani, hata antena. Kuzima kwa rimoti si kuchomoa.

Turudi kwa shosho

Nilimwita aje nyuma ya runinga na miwani yake. Nikamwonyesha tundu lenye "ARC", nikachukua rangi nyekundu ya kucha ya mjukuu wake wa kike, nikapaka nukta moja kwa tundu na nyingine kwa kebo. "Nyekundu kwa nyekundu," nikamwambia. Akachomoa mwenyewe, akachomeka mwenyewe, na sauti ya habari za saa moja ikajaa sebule. Akaruka kidogo, kisha akacheka.

Akauliza, "Kwa hivyo haikuwa imeungua?" Nikasema hapana. Akanyamaza kwa muda, akiangalia ile mashine. Nadhani alikuwa anahesabu mbuzi.

Niliitisha Sh300, za waya, teipu na muda wangu. Akaniongezea kuku. Deni langu la kodi lilibaki pale pale, sitakudanganya, na wiki hiyo nilimkwepa keateka hadi nikachoka. Msee mmoja wa kazi hii aliposikia akaniambia ninaharibu soko, kwamba watu wakijua hizi siri tutakula nini.

Nimelifikiria hilo swali, kwa sababu na mimi nakula. Lakini tangu siku hiyo shosho amenituma kwa majirani wanne, na wawili wao kweli walikuwa na mashine zilizoungua ndani, kazi ya kulipwa vizuri. Waliniamini nilipotaja bei kwa sababu walijua mimi ndiye niliyesema "hapana" pale kwingine.

Kwa hivyo leo jioni kabla ya mechi, washa FM, sikiliza, kisha uiname na tochi. Ukikwama kabisa, sisi mafundi tupo. Na kama una shosho nyumbani, mpakie nukta nyekundu.